Jipu la Mama Mkwe

Wiki jana niliwaacha pale Micah, dresa mfunga vidonda wa hospitali ya misheni, aliposhika pazia la kitanda cha dirishani, Daktari amesimama nyuma yake anamhimiza. Najua wengine mlikasirika. Haya, leo pazia limefunguka.

Mwanamke aliyelala pale, nguo imeshushwa mpaka kiunoni, alikuwa Jepchumba. Mama yake Jeruto. Mama mkwe wa Micah mwenyewe!

Micah alihisi damu yote imempanda masikioni. Jepchumba naye alipomwona alitoa sauti ya mtu aliyekanyaga kaa la moto, akavuta blanketi hadi puani.

Mnaijua mila ya watu wa upande ule wa Rongai. Mkwe hampi mama mkwe mkono. Wakikutana njiani, mmoja hukata kona akapita majanini. Tangu Micah amwoe Jeruto hajawahi kutafuna hata kipande cha nyama mahali ambapo mama huyu angemwona. Na leo amemwona kifua wazi.

"Micah, unangoja nini?" aliuliza Daktari Halloway kwa Kiingereza. Huyu alikuwa mama mzungu wa misheni, mrefu, mikono imekuwa myekundu kwa kuoshwa na sabuni kali, na hakupenda kurudia neno. "Hakuna mwingine hapa anayejua Kitugen. Mweleze ninayosema, neno kwa neno."

Micah angeweza kusema. Maneno yenyewe yalikuwa machache tu: Daktari, huyu ni mama wa bibi yangu, nitafutie mtu mwingine. Hakuyasema. Na sababu ni hii. Mwezi uliopita, Daktari alipotafuta mkubwa wa madresa, Micah alijigamba mbele ya wenzake wote: "Mimi, Daktari, mambo ya mila niliyaacha mlangoni pa kanisa." Ogola alicheka. Nderitu akamkata jicho. Leo akiri kwamba titi la mama mkwe limemshinda? Wangemcheka mpaka mwaka huo wa hamsini na saba uishe.

Kwa hiyo aibu mbili zilimbana, moja mbele ya mzungu, moja mbele ya mkwe. Akatafuta mahali pa kupita katikati yake. Akageuza uso ukutani.

"Sema, Daktari."

"Hii ni kansa ya titi," Daktari alisema polepole. "Imeanza kushuka kwapani. Njia ya kwanza ni kukata titi lote, pamoja na nyama iliyo chini yake na tezi za kwapa. Ni kazi kubwa. Mkono wake utakuwa mzito baadaye. Lakini ndiyo njia ninayoiamini mimi. Kuna sindano pia, dawa ya homoni za kiume. Zinaweza kuuchelewesha ugonjwa, haziumalizi. Sauti yake itakuwa nene, na pengine ataota ndevu. Halafu kuna miale ya mashine, lakini mashine yenyewe hapa hatuna, na siwezi kumwahidi kitu nisichokuwa nacho. Akitaka kurudi nyumbani vile alivyo, hiyo ni haki yake, ila ajue ugonjwa utamuua. Mwambie yote. Achague mwenyewe."

Micah akauangalia ufa uliokuwa ukutani. Atawezaje kulitamka neno titi mbele ya mama huyu? Atasemaje ndevu?

"Daktari anasema ni jipu," akamwambia kwa Kitugen. "Atalipasua kesho, usaha utoke."

Sauti ndogo ikatoka chini ya blanketi: "Jipu tu?"

"Jipu tu."

"Basi apasue."

Daktari alikunja uso. "Mimi nimesema maneno mengi. Wewe umesema machache."

"Lugha yetu ni fupi, Daktari."

"Amechagua nini?"

"Amechagua kukatwa."

Daktari aliinama, akamshika Jepchumba bega. "Mama shujaa," alisema kwa Kiswahili chake cha kuvunjika. Jepchumba hakukielewa, lakini alitabasamu. Tabasamu hilo lilimchoma Micah kuliko sindano yoyote.

Nje, kwenye benchi la baraza, mzee Kiprugut alikuwa amekaa na koti lake la jeshi la zamani, mguu mmoja juu ya mwingine. Alikuwa amemleta mkewe kwa lori la mahindi bila kumwambia hata binti yao.

"Mkwe, wamesemaje?" aliuliza, macho yake chini.

Hapa Micah alikuwa na nafasi ya pili. Nayo akaitupa.

"Ni jipu, baba."

"Asante Mungu," mzee alisema, akavua kofia. "Nilidhani ni ule ugonjwa uliomla dada yangu. Nitatuma habari kwa ndugu zake kwamba ni jipu."

Jioni ile, katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya hospitali, Jeruto, ambaye baba yake alimwita mchana, alirudi kutoka wodini uso unang'aa. Alimpakulia mumewe ugali na mboga, akakaa chini kumtazama akila.

"Mama amesema nikushukuru."

"Kwa nini?"

"Anasema ulitazama ukuta muda wote. Hukumwaibisha. Unajua kule nyumbani watu walisema nimeolewa na mtu wa wazungu asiye na adabu. Leo mama mwenyewe anakusifu. Anasema mkwe wake ni mtu." Akacheka kwa furaha. "Mbona huli?"

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini, na hujaanza?"

Micah alinawa mikono, akatoka nje. Hakuweza kukaa karibu na ile furaha.

Asubuhi alikuwa chumba cha dawa akifunga bendeji, akijiambia kwamba mambo yatajipanga. Mama atalala, atakatwa, ataamka. Ataambiwa jipu lilikuwa na mizizi mirefu. Nani atajua? Mlango ukasukumwa kwa kishindo. Jeruto!

"Jipu gani hili?"

"Punguza sauti."

"Kuna mama pale kitanda cha jirani, anaitwa Kinsi, mke wa yule Darweshi mwenye duka la nguo mjini. Sista alikuwa anamfunga kidonda. Mama ameona. Hana titi! Upande mmoja ni kovu tupu, mpaka kwapani. Mama anatetemeka, ananiuliza huyu alifanyiwa nini. Nikamwuliza Kinsi kwa Kiswahili changu kidogo. Unajua alinijibu nini? 'Wamempaka mama yako dawa kutoka shingoni mpaka kiunoni, kama walivyonipaka mimi. Mama yako atakuwa kama mimi.' Hivyo ndivyo alivyosema. Ni kweli?"

Wasomaji wangu, mtu akianza kuteremka mlima wa uongo, miguu yenyewe hukimbia.

"Huyo mama hajui," alisema Micah. "Kila mgonjwa hudhani wote wana ugonjwa wake."

"Niapie."

"Jeruto, nina kazi."

"Niapie!"

Kabla hajajibu, Ogola alichungulia mlangoni, jasho likimtoka. "Micah, haraka! Daktari ameitwa Gilgil, lori la jeshi limepinduka. Anataka kuanza na yule mama wa Rongai sasa hivi. Wameshampeleka."

Jeruto alimtazama mumewe. Alitazama jinsi bendeji zilivyomponyoka mikononi, zikabingirika sakafuni, na mumewe haziokoti. Hapo akajua.

Micah alikimbia. Alipita wodi ya watoto, akapita jikoni, akamgonga mtu na ndoo ya maji. Mwisho wa ukumbi aliona kitanda cha magurudumu kimefika mlango wa chumba cha upasuaji. Jepchumba amelala juu yake, kichwa kimefungwa kitambaa cheupe, macho yanatazama dari. Nderitu ameshika mlango. Daktari ndani ameshavaa kinyago.

"Simama!" Micah alipiga kelele. "Daktari, simama! Hajui!"

Magurudumu yakasimama. Daktari akatoka, akashusha kinyago.

"Hajui nini?"

"Hajui kama utakata titi."

"Ulimwambia nini jana?"

Ogola alikuwa amefika. Nderitu alikuwa palepale. Sista akachungulia. Wote walisubiri, na Micah alitamani ile sakafu ya saruji ifunguke immeze.

"Nilimwambia ni jipu."

"Kwa nini?"

"Ni mama wa bibi yangu, Daktari. Kwetu haiwezekani. Nilishindwa kutamka."

Daktari hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliitazama mikono yake iliyokwisha kuoshwa, kama mtu aliyeikuta na damu.

"Ningemkata mwanamke huyu," alisema polepole, "na angeamka akiwa hana titi, akaniuliza mimi limeenda wapi. Ningekuwa mwizi, Micah. Wewe ungenifanya mwizi. Ungeniambia ni mkweo ningemngoja mkalimani mwingine wiki nzima. Nani alikuambia mimi nataka mtu asiye na heshima kwa mama mkwe wake?"

Ogola, yule aliyetegemewa acheke, hakucheka. Alitazama pembeni, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Mrudisheni wodini," Daktari akaamuru. "Gilgil watanisubiri kidogo. Utamwambia sasa, yote. Utazame ukuta ukitaka, lakini utayasema."

Kitanda kikarudishwa karibu na dirisha. Jeruto alikuwa amefika, amesimama upande wa kichwa cha mama yake. Micah aliwapa mgongo. Akaweka paji la uso karibu kugusana na chokaa ya ukuta. Akaanza.

"Mama, jana nilikudanganya. Si jipu. Ni ugonjwa unaokula nyama. Umo ndani ya..."

Akakwama. Hakuna aliyemsaidia.

"Umo ndani ya titi lako."

Nyuma yake Jeruto alivuta pumzi. Micah aliendelea, maneno yakimtoka kama miiba. Alieleza kukatwa, kwapa, mkono kuwa mzito. Alieleza ile mashine isiyokuwepo. Alipofika kwenye sindano alisema hata zile ndevu, hakuruka, na masikio yakawaka moto.

"Ndevu?" aliuliza Jepchumba.

"Ndiyo, mama."

"Kama za Kiprugut?"

"Daktari anasema pengine."

Kikasikika kitu kama kicheko, kifupi, kikazimika. Halafu Jepchumba akaongea naye moja kwa moja, jambo ambalo mama yule hakuwahi kulifanya tangu mahari ipokelewe.

"Mkwe, mwambie yule mama wa kitanda kile, nataka kuona. Mimi mwenyewe."

Micah akaligeuza kwa Kiswahili. Kinsi alikuwa mwanamke wa mjini, wa kujifunika, na hakuwa amejionyesha kwa mtu ila sista.

"Huyo mwanamume asigeuke," alisema.

"Sigeuki, mama."

Nguo ikasikika ikifunguliwa. Micah alifumba macho, uso ukutani.

"Inauma?" Jepchumba aliuliza.

"Usiku inauma," Kinsi alijibu kupitia kwa Micah. "Mkono hauinuki kufika kichwani, siwezi kujisuka nywele. Na Bwana Darweshi alikuja mara moja, akasimama pale mlangoni, akaacha machungwa akaenda. Hajarudi. Nakuambia ukweli, dada, nimelia. Lakini kile kitu kilichokuwa kinanuka chini ya nguo zangu kimetoka. Asubuhi naamka, nakula."

Micah aliyapitisha maneno yote, hakupunguza. Kila neno lilimwonyesha lile alilokuwa amemnyima mama huyu jana.

"Asante, dada," alisema Jepchumba. Kisha: "Mwiteni Kiprugut."

Mzee aliingia na kofia mkononi. Micah alimweleza akiwa amesimama vilevile, uso ukutani, kama mtoto aliyeadhibiwa shule. Alipomaliza, mzee aliuliza swali moja tu.

"Ulimwona?"

"Nilimwona, baba."

"Na jana ukaniambia ni jipu. Nimeshatuma mtu Rongai aseme ni jipu. Nilivua kofia nikamshukuru Mungu mbele yako. Ukaniacha nishukuru."

Micah alitaka kusema pole. Neno hilo lilikuwa dogo mno. Akaliacha.

"Mke wangu hakatwi," mzee alisema. "Twende nyumbani. Kuna yule mzee wa mizizi."

"Mizizi yake nimeinywa tangu mvua za mwaka jana," alijibu Jepchumba. "Nimeipaka, nimejifukiza, na uvimbe umekua. Nilikuwa nakuficha na wewe, kwa sababu niliona haya. Nilimficha hata binti yangu. Sasa haya yenyewe imekwisha, watu wote wa hospitali wameongea habari za titi langu mpaka nimezoea." Kitanda kililia alipojiinua. "Watoto saba wamelinyonya, Kiprugut. Kazi yake limefanya. Likatwe."

"Na watu watasemaje?"

"Watasema Jepchumba ana titi moja. Afadhali hivyo kuliko waseme alikuwa na mawili akazikwa nayo."

Viatu vizito vya mzee vikageuka kuelekea mlangoni, vikasimama.

"Fanyeni anavyotaka," mzee alisema. "Lakini kijana huyu asikanyage boma langu mpaka nimwite."

Daktari alikuwa ameangalia saa yake mara kadhaa. "Wanasema nini, Micah?"

Wakati huu Micah aligeuka, akamtazama Daktari usoni. "Mama anasema akatwe. Amesikia njia zote, amechagua mwenyewe. Mzee hakupenda, lakini amekubali. Mimi nimefukuzwa."

"Ni hayo yote?"

"Ni hayo yote, Daktari. Neno kwa neno."

Kitanda kikasukumwa tena. Safari hii Jepchumba hakutazama dari. Alipompita Micah alifunika uso kwa shuka kama mila inavyotaka, na Micah naye akainamisha kichwa. Heshima ilikuwa imerudi mahali pake, lakini ilimuuma sasa kuliko pale ilipovunjika.

Mlango ukafungwa. Harufu ya dawa ya usingizi ikaanza kupenya chini yake.

Ukumbi ukabaki na watu wawili, Micah na Jeruto. Micah alitafuta la kusema.

"Daktari ana mkono mzuri," alisema. "Mama atapona."

"Hilo amesema yeye, au umelitunga wewe?"

Micah akautazama mlango uliofungwa.

"Micah," alisema Jeruto.

Alishtuka. Mke wa kwao hamwiti mumewe kwa jina, na Jeruto hakuwahi, hata siku walipogombana. Alikuwa ameegemea ukuta, mikono imekumbatia tumbo, na macho yake hayakuwa na chozi hata moja.

"Usiku kucha nilikuwa najivunia wewe. Sasa nimekaa hapa nafikiri jambo lingine. Mtoto wetu alipougua mwaka jana, alilala wodi ile ya watoto. Daktari alikuita mlangoni, akaongea nawe kwa Kiingereza. Maneno yalikuwa mengi, nakumbuka, hata alikushika mkono. Ukarudi kwangu ukaniambia, 'Anasema ni homa, itashuka.' Nikakuamini. Nikaenda mtoni kufua nguo za mtoto ili azikute safi. Niliporudi walikuwa wameshamfunika."

"Jeruto..."

"Sikuwepo, Micah. Mtoto wangu alikufa nami niko mtoni nafua, kwa sababu uliniambia ni homa." Alisogea karibu, karibu sana, akasema kwa sauti ya chini. "Siku ile pale mlangoni, Daktari alikuambia nini?"

Ndani, nyuma ya mlango, chuma kiligonga sinia.

"Nataka maneno yake yote," alisema Jeruto. "Neno kwa neno."

Na Micah aliyajua maneno yale. Hakuwahi kusahau hata moja.